Ukienda Likoma Kuwaona Ndugu

Sisi tuliozaliwa mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kuanzia Manda na Lituhi hadi Liuli, Mbamba Bay na vijiji vya karibu na mpaka wa Msumbiji, wengi wetu tuna bibi au babu aliyetoka "ng'ambo". Kwa familia nyingi ng'ambo hiyo ni Likoma, kisiwa kidogo cha Malawi kilichokaa jirani kabisa na pwani ya Msumbiji. Majina ya huko tunayo, nyimbo za kanisani tunazo, lakini kile kizazi kilichokuwa kikivuka kwa mashua kwenda kuzika na kuoza kinakwisha. Wajukuu sasa wako Songea, Mbeya, Dar es Salaam, wengine Ulaya, na swali lao ni moja: nikitaka kwenda kuwaona ndugu, naanzia wapi?

Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda vibaya, mara ya pili nikaenda vizuri. Tofauti ya safari hizo mbili ndiyo iliyonifanya niandike.

Safari ya kwanza nilifika mchana, nikapiga hodi, nikapokewa na kuketishwa mkekani. Kwa furaha nikafungua begi, nikaanza kugawa khanga nilizonunua Kariakoo. Mama mmoja mzee, mtoto wa dada yake bibi yangu, hakuifungua ya kwake. Aliiweka chini, akaipapasa kidogo kwa kiganja, kisha akaniuliza habari za mmoja wa mama zangu wakubwa, kwa jina lake la utotoni. Nikamjibu kuwa alifariki, mwaka wa tisa sasa. Akauliza wa pili. Naye marehemu. Akauliza wa tatu. Kila nilipojibu, yeye ndiyo kwanza alikuwa anapata habari ya msiba. Wanawake waliokuwa uani wakaingia mmoja mmoja, wakakaa chini, kilio kikaanza: kilio cha watu watatu kwa wakati mmoja, na khanga mpya zimetapakaa katikati yetu. Nilikuwa nimewaletea zawadi watu niliopaswa kuwaletea tanzia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote yatakayofuata, ni kwamba ndugu mliopoteana miaka mingi mnadaiana misiba. Deni hilo lilipe kabla hujatoa kitu kingine chochote kwenye begi.

Daftari kabla ya tiketi

Nunua daftari la jalada gumu. Nusu ya kwanza andika marehemu wa upande wenu tangu mara ya mwisho ndugu walipoonana: jina la nyumbani, jina la ubatizo, mwaka aliofariki, alipozikwa, na watoto aliowaacha. Nusu ya pili iache tupu. Hiyo ni ya marehemu wao, na utaijaza ukiwa kule.

Ili kuyapata majina hayo, kaa na mtu mzima kuliko wote aliyebaki katika ukoo, na umuulize maswali madogo. Ukimuuliza "ukoo wetu ulitokea wapi?" atakupa hadithi nzuri isiyo na anwani. Muulize: mlipokuwa mkivuka, mlifikia nyumba ya nani? Nani alisimamia ubatizo wako? Babu alipokufa, nani alikuja kutoka ng'ambo kuzika, na alikuja na nani? Jibu la swali kama hilo huwa ni jina la mtu na kijiji, na ndicho unachohitaji. Mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, maana kuna majina ambayo utayaandika vibaya na utahitaji kuyasikia tena kwa sauti yake.

Majina yana shida zake. Kwetu Tanzania tumezoea mtu kutumia jina lake, la baba na la babu, hivyo jina la mwisho kwenye pasi yako huenda ni la babu ambaye kule hakuna anayemjua kwa jina hilo. Beba majina ya kina mama pia. Kwa Wanyanja wengi upande wa mama una nguvu, na mtu wa kumtafuta ni mjomba, kwa lugha yao *malume*. Mimi nilihangaika siku nzima na jina la babu yangu mzaa baba, nikaja kutaja jina la bibi mzaa mama, na kabla sijamaliza sentensi kijana mmoja alishaondoka kwenda kumwita mwenye nyumba. Angalia pia herufi: Petro kwao anaweza kuwa Peter au Pita, na L na R hubadilishana bila taabu, kwa hiyo usikatae jina kwa sababu ya herufi moja.

Halafu nenda kwa padri wako, umwombe barua ya utambulisho yenye muhuri wa parokia. Iseme wewe ni nani, umebatizwa wapi, unamtafuta nani. Barua hiyo haina gharama, na imenisaidia kuliko fedha nilizobeba. Kama wewe si Mwanglikana, kama walivyo wengi wa kule, ipate hata hivyo kutoka kanisa lako. Na kama ni Mwislamu ambaye bibi yake alikuwa Mkristo wa kule, na watu wa namna hiyo tuko nao wengi, andikiwa na mzee wa familia anayefahamika.

Njia

Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Imo SADC, kwa hiyo vile vibali vya kuvukia Kenya au Uganda usivitegemee. Chukua pasi yenye muda wa kutosha. Watanzania hatujazoea kuombwa viza Malawi kwa matembezi mafupi, lakini masharti ya mipaka hubadilika. Piga simu Uhamiaji wiki ile ile unayosafiri. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Njia ya uhakika ni ya barabara: Mbeya, Kyela, mpaka wa Kasumulu, ambao upande wa pili unaitwa Songwe, kisha Karonga, Mzuzu, hadi Nkhata Bay. Hapo ndipo unapopanda chombo cha kwenda Likoma. Meli kongwe MV Ilala imekuwa ikifanya kazi ziwani tangu 1951, na kwa umri huo hukaa matengenezo mara kwa mara, kwa hiyo ulizia Nkhata Bay kwenyewe kama iko safarini. Kuna boti nyingine pia. Anayetoka Ulaya au Marekani anaweza kushukia Lilongwe na kuchukua ndege ndogo, maana kisiwa kina uwanja wa ndege.

Wengine watakuambia upande mashua moja kwa moja kutoka Mbamba Bay, kama wazee walivyofanya. Ukipata chombo kinachotambulika, chenye majaketi ya kujiokolea, na ukagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia, sawa. Kupita kimya kimya usikubali hata kama nahodha ni binamu yako. Ukikutwa huna muhuri, watakaohangaika kukutoa ni wale wale uliokwenda kuwasalimia.

Majira nayo ni muhimu. Mwera huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, na mawimbi ya Nyasa wakati huo si ya kuchezea. Masika yake ni Desemba hadi Aprili. Septemba hadi Novemba kuna joto, lakini ziwa limetulia. Ukitaka kuwapo sikukuu ya Mtakatifu Petro, somo wa kanisa kuu la kisiwani, tarehe 29 Juni, jua kwamba unasafiri na mwera: ongeza siku nne au tano za kungoja chombo, na usinunue tiketi ya kurudi Dar es Salaam yenye tarehe ya kubana.

Neno moja kuhusu ziwa lenyewe. Sisi tunaliita Nyasa, wao wanaliita Malawi, na serikali zetu mbili zina mgogoro wa muda mrefu kuhusu mpaka wake, uliotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Usiende kuubishania mkekani kwa watu. Sema *nyanja*, kama walivyosema babu zetu wa pande zote mbili.

Ukifika

Hodi kwao ni *odi*, na kukaribishwa ni *odini*. Kinyanja cha wazee wetu na Chichewa cha redio ya Malawi ni lugha moja, hivyo maneno machache uliyoyasikia kwa bibi yatakufikisha mbali. Jihadhari na jambo moja tu: mtu mzima hasemeshwi kwa umoja. Sisi tunamwambia hata babu "wewe" na hakuna anayekasirika. Kule mkubwa husemeshwa kwa wingi, *inu*, na salamu ni *muli bwanji*. Ukimwambia *uli bwanji* umemsemesha kama mtoto. Mzee yeyote mwite *agogo*. Wanawake hupiga magoti wanaposalimia wakubwa, na shukrani huambatana na kupiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo. Fanya kama unavyoona wakifanya, hata ukikosea watafurahi.

Usifungue begi. Kaa chini, pokea maji, subiri uulizwe safari. Ukishasema umetoka wapi na wewe ni mtoto wa nani, mwambie mkubwa wa nyumba kwamba umekuja na habari za misiba, na uombe waitwe wanaohusika. Mara ya pili nilipokwenda nilifanya hivyo. Mjomba alituma watoto nyumba tatu, ikapita kama saa nzima watu wakikusanyika, wala hakuna aliyekuwa na haraka. Nikafungua daftari, nikasoma majina pole pole, nikitaja la nyumbani kwanza halafu la ubatizo, mwaka, na mahali pa kaburi. Baada ya kila jina nilinyamaza. Wakalia, nami nikalia. *Pepani, pepani*, waliniambia, yaani pole. Kisha mjomba akasema zamu yao imefika, akaanza kunitajia wao, na mimi nikaandika. Kulikuwa na jina la mtu niliyekuwa nimemwekea shati kwenye begi.

Rambirambi weka kwenye bahasha, kwa kwacha, umkabidhi mkubwa wa ukoo mbele ya watu. Kiasi hakina kiwango. Kesho yake omba kupelekwa makaburini. Zawadi zitoe baada ya hapo. Khanga za kwetu zinapendwa sana. Sukari, chumvi, sabuni na majani ya chai havijawahi kukosea nyumba. Mazao mabichi na mbegu usibebe, vitakusumbua mpakani.

Utachinjiwa kuku. Usimzuie mtu kwa kumwonea huruma. Mpe fedha ya matumizi kesho yake kwa namna ya heshima, mkononi mwa mama wa nyumba. Mtakula nsima na usipa, ambao ni dagaa wale wale wa Mbamba Bay. Fedha taslimu beba za kutosha tangu Mzuzu, usitegemee mashine ya benki kisiwani. Chandarua lalia. Ziwa lina kichocho, kwa hiyo ukioga humo, kapime ukirudi.

Kanisani

Watu hushangaa kwa nini kisiwa kilichozungukwa na maji ya Msumbiji ni cha Malawi. Jibu liko kanisani. Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ilikuja Zanzibar 1864, ikawa inafundisha walimu huko huko, Kiungani, na mwaka 1885 ikafanya Likoma makao yake makuu ziwani. Kutoka hapo ilifungua shule na makanisa katika vijiji vya mwambao ambavyo leo viko nchi tatu. Waingereza na Wareno walipokubaliana mpaka wa ziwa mwaka 1954, Likoma na jirani yake Chizumulu zilibaki Nyasaland, Malawi ya leo. Mtoto wa Liuli aliyezaliwa chini ya Wajerumani angeweza kubatizwa na padri mwenye makao kisiwani, na kufundishwa na mwalimu aliyesoma Zanzibar. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa na Kiswahili cha kanisani hata kabla ya kukijua cha sokoni.

Kama unapita Mbamba Bay, fika kwanza Liuli, kwenye kaburi la William Percival Johnson, aliyezikwa hapo 1928. Alilizunguka ziwa hili zaidi ya miaka arobaini na kuitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Ukishaliona kaburi lake upande wetu na kanisa kuu upande wa pili, ramani ya ukoo wako itakuingia vizuri zaidi kuliko kwa kusimuliwa.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro lilijengwa kati ya 1903 na 1911, mahali palipoitwa Chipyela, penye kumbukumbu ya watu waliotuhumiwa uchawi kuchomwa moto. Ukisimama mlangoni hutaamini kwamba jengo la ukubwa ule liko kwenye kisiwa cha wavuvi. Watu hulilinganisha na kanisa kuu la Winchester, Uingereza. Lione, kaa ndani yake, tazama rangi za vioo vya madirisha zikishuka sakafuni asubuhi. Lakini kama ndugu zako ni wa kanisa dogo la kijijini, Jumapili ya kwanza nenda nao huko, kanisa kuu lifuate. Mgeni anayekimbilia kwenye jengo kubwa na kuliacha kanisa alilobatiziwa bibi yake anaonekana mtalii, na akishaonekana hivyo mlango wa pili haufunguki upesi.

Unachokitafuta zaidi hapo ni vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa. Mwone padri siku ya kazi, si Jumapili baada ya misa anapozungukwa na watu. Mpe barua, mwambie majina mawili au matatu na miaka ya kukisia, kisha mwache afungue mwenyewe. Vitabu vingine vimepotea, vingine mchwa wamepita. Niliwekewa mbele kimoja chenye wino uliogeuka rangi ya kahawia, kurasa zikishikana kwa unyevu. Padri alikuwa akiziachanisha kwa ukucha, na kidole chake kikishuka safu ya majina: mtoto, baba, mama, wasimamizi, padri aliyebatiza. Bibi yangu alikuwapo. Jina lake la ubatizo liliandikwa kwa herufi ambazo hatujawahi kuzitumia nyumbani, na msimamizi wake alikuwa bibi wa mjomba niliyekuwa nimelala kwake. Hapo ndipo nilipojua kwa nini wazee walikuwa wakifikia nyumba ile.

Usipige picha ya ukurasa bila kuruhusiwa, kwa sababu humo mna habari za watoto wa nje ya ndoa na mambo ya familia za wengine. Nakili mstari wako kwa mkono, na toa sadaka kwa parokia. Na usichoke mapema: zamani mtu mzima alipitia kwanza darasa la wasikilizaji, kisha la wakatekumeni, hivyo ubatizo wake unaweza kuwa miaka kadhaa baada ya ule mnaoukumbuka nyumbani. Barua na picha za UMCA ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian, kwa msomaji aliye Uingereza.

Jumapili utaombwa usimame ujitambulishe. Sema jina lako, wewe ni mjukuu wa nani, umetoka wapi, na kwamba mmeshalia misiba pamoja. Inatosha. Kama si wa kupokea komunyo, mwambie padri mapema jinsi ya kuomba baraka. Wakati wa misa simu ikae mfukoni.

Na hapa naomba unisikilize sana: ukiwa umesimama mbele ya watu, kwaya imekuimbia, macho yamejaa machozi, usiahidi mabati. Najua moyo unavyokuwa saa ile. Lakini ahadi ya mgeni huandikwa kwenye kumbukumbu za parokia, na wewe ukirudi kwenye ada za shule na kodi ya nyumba, mjomba wako ndiye atakayeulizwa kila Jumapili yameishia wapi. Toa ulichonacho siku hiyo. Ukitaka kusaidia zaidi, rudi nyumbani, kaa na ndugu zako wa huku, mchange, kisha mtume kitu kizima kwa jina la ukoo.

Kabla ya kuondoka, panga na mjomba nani atapiga simu kwa nani pakitokea msiba, maana mtu mmoja kila upande akijua ni wajibu wake, habari haikai miaka tisa. Picha zisafishe uzitume kwenye karatasi. Wazee hawatazami za kwenye simu. Daftari nalo linakiliwe mara mbili. Letu moja liko Mbamba Bay kwa dada yangu. La pili liko kisiwani, kwenye sanduku la bati la mjomba, pamoja na kadi za ubatizo za wajukuu wake, na mwaka jana aliongeza majina mawili kwa mwandiko wake akanisomea kwenye simu usiku ule ule.